Kabla Hujanunua Pampu Mpya ya Kempa

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, pole na safari. Maji kwenye kempa yetu yanachuruzika tu, na fundi ametuambia pampu imechoka. Tununue ya aina gani?" Nilimjibu palepale kwamba wasinunue chochote kwanza. Lakini jibu la mstari mmoja halikuniridhisha, kwa sababu maneno hayohayo, "pampu imechoka", niliwahi kuambiwa mimi, na namna nilivyoambiwa inanikera mpaka leo.

Najua wengi mnaosoma hapa mna hamu ileile niliyonayo: kulala unapotaka, kupika unapotaka, na jioni kuoga maji ya moto ndani ya kempa, nyumba yako mwenyewe iliyo juu ya magurudumu. Maji yakikosa nguvu, raha yote inakwisha. Unasimama chini ya shawa, sabuni kichwani, unasubiri matone. Kwa hiyo leo nitaeleza yaliyonipata, kisha niseme ninavyopima, na naomba mnisome kwa utulivu.

Kempa yetu ni ya kuvutwa. Tangi la maji safi liko chini ya kitanda, na pampu ya volti 12 imefungwa ubavuni mwake. Pampu za namna hii hujiwasha na kujizima zenyewe. Ukifungua bomba, presha ndani ya paipu inashuka, swichi ndogo iliyo kichwani mwa pampu inahisi, mota inaanza kazi. Ukifunga, presha inapanda hadi kiwango ilichowekewa, ambacho kwa pampu nyingi ni kati ya psi 45 na 55 (psi na bar ni vipimo vya presha), karibu bar 3 hadi 3.8, kisha inazima. Mimi nimeuzoea mlio wa pampu yangu. Ni mngurumo wa sawasawa, na ukifunga bomba unakatika mara moja.

Basi mlio ukabadilika. Ukawa unapanda na kushuka, unakoroma kidogo, kama mtu anayevuta kinywaji kwa mrija uliotoboka. Maji jikoni yakawa yanatoka kwa vipindi, yanatema hewa, yanarudi. Kwenye shawa ndiyo hali ilikuwa mbaya zaidi. Nikamwambia mume wangu kwamba pampu inavuta hewa mahali fulani. Yeye hana mkono wa mambo ya maji, na mimi sina mkono wa mambo ya breki na matairi, ndivyo tulivyogawana. Lakini tulikuwa tumechoka na safari, akaona tumwite fundi aliyekuwa akihudumia kambi tuliyofikia.

Fundi alikuja, akafungua bomba la jikoni, akasikiliza kidogo, akafunga. Akamgeukia mume wangu: "Bosi, hii pampu imechoka. Weka nyingine."

Nikamwambia, "Fundi, kabla ya hapo naomba tufungue chujio, nadhani inavuta hewa."

Hakunitazama. Alisema, "Mama, hizi kazi tuachieni sisi," akaendelea kumweleza mume wangu ukubwa wa pampu anazoweza kutuletea. Mume wangu akamjibu kwamba amuulize mkewe, kwa sababu mambo ya maji humu ndani ni yangu. Fundi akacheka. Alipoondoka alisema tutampigia wenyewe maji yakikatika kabisa.

Hatukumpigia. Na pampu ile ile ndiyo inayofanya kazi mpaka leo ninapoandika.

Asubuhi yake niliinua godoro na ubao. Nilizima swichi ya pampu, nikafunga koki ya tangi, nikatandika kitambaa chini. Kati ya tangi na pampu pana chujio dogo lenye kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, unakifungua kwa mkono tu. Hata kabla sijakifungua niliona. Juu ya wavu wa ndani palikuwa na vinyweleo vyeupe vya plastiki, vimejikunja, vingine virefu kama upana wa kidole, vimeshikamana na ute wa kijivu hadi vikawa kama kitambaa kilichotandikwa. Hayo ni mabaki ya kutoboa. Kiwandani tangi linapotobolewa ili kufungiwa paipu, chembe nyingine hudondokea ndani na hakuna anayezitoa. Zinakaa chini kimya, gari linatikisika barabarani, zinaelea, na pampu inazivuta kuelekea mdomoni mwake. Nilivisuuza, nikasugua wavu kwa mswaki wa zamani, ukatoka mweupe.

Pampu za namna hii zina valvu ndogo za mpira kichwani. Kijipande kimoja cha plastiki kikikwama hapo, valvu haifungi vizuri na pampu inazunguka bila kusukuma inavyopaswa. Kwa hiyo chujio hilo halipo kwa mapambo. Ukikuta kempa yako haina, weka leo.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kwenye oringi, ile pete ya mpira inayoziba kikombe cha chujio. Wakati wa kuifuta niliipitisha taratibu kati ya vidole, nikahisi mahali pamebonyea. Kinyweleo kimoja cha plastiki kilikuwa kimelala chini yake muda mrefu, kimeacha mchirizi mwembamba kama uzi. Hapo ndipo hewa ilipokuwa inapita. Na hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa: upande wa kuvutia, yaani kutoka tangini hadi kwenye pampu, uvujaji mdogo mara nyingi hautoi tone. Pampu inapofanya kazi inanyonya, kwa hiyo badala ya maji kutoka nje, hewa inaingia ndani. Utapapasa kote pakavu, utasema hakuna kinachovuja, na hewa inaendelea kuingia. Kama unaweza, funga kipande cha paipu inayoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, ufungue bomba, uangalie. Mapovu hayasemi uongo.

Niliweka oringi mpya, nikaipaka mafuta kidogo ya silikoni yanayofaa kwa maji ya kunywa. Usitumie grisi ya kawaida ya gari wala mafuta yoyote ya petroli, mipira mingi huvimba na kulegea yakiigusa. Nikakaza kikombe kwa mkono, nikafungua koki, nikawasha. Mngurumo ukarudi ule wa sawasawa, na bomba la jikoni likatoa maji yaliyonyooka. Nilimwita mume wangu aje asikilize. Nilikuwa na furaha isiyoelezeka, na sioni haya kuisema.

Haikuishia hapo, kwa sababu shawa upande wa moto ilibaki dhaifu. Baridi inakuja kwa nguvu, moto unadondoka. Hapo tena pampu haikuhusika hata kidogo, maana pampu ni ileile, inasukuma pande zote mbili. Kilichobadilika ni njia. Maji ya moto yanapita kwenye hita, na mdomoni mwa hita, pale maji ya moto yanapotokea, kempa nyingi zina valvu ya njia moja ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Ni kitu kidogo, ndani yake kuna kifuniko na springi. Kikishikwa na chokaa kinafunguka nusu, au hakifunguki kabisa. Nilizima hita, nikaiacha ipoe, nikafunga maji, nikafungua bomba la moto ili presha itoke, ndipo nikaifungua kwa spana mbili. Kifuniko kilikuwa kimeganda upande. Niliweka valvu mpya ya shaba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuoga bila kuharakisha.

Sasa ndugu zangu, naomba niseme hili kwa sauti. Fundi yule hakuwa na geji ya kupima presha. Hakuwa na mita ya kupimia volti. Hakufungua kitu. Alisikiliza sauti, akatoa hukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa ya kuuza. Mafundi wazuri wapo na ninawaheshimu, nimejifunza mengi kwao, lakini fundi mzuri utamjua kwa kupima kabla ya kusema. Na ukimwambia ulichokisikia au kukiona anakusikiliza, uwe mwanamume au mwanamke, kwa sababu wewe ndiwe unayelala na mlio huo kila usiku.

Kupima huanza kwa kulinganisha, na kulinganisha hakuhitaji chombo chochote. Jiulize kwanza maji yanatoka wapi. Kempa nyingi zina vyanzo viwili: tangi lenye pampu, na mpira wa maji unaounganishwa na bomba la kambini. Jaribu kimoja, kisha jaribu kingine. Yakiwa mazuri kwa pampu na dhaifu kwa mpira, achana na pampu, tatizo liko nje au kwenye mlango wa kuingilia. Yakiwa mazuri kwa mpira na dhaifu kwa pampu, tatizo liko kati ya tangi na pampu, kwenye umeme wake, au kwenye pampu yenyewe. Yakiwa dhaifu kwa vyote viwili, kizuizi kiko mahali ambapo maji ya vyanzo vyote hukutana, baada ya pampu. Halafu linganisha baridi na moto. Halafu linganisha bomba na bomba. Ukimaliza hapo umeshaondoa sehemu kubwa ya kempa kwenye orodha ya washukiwa, na hujatoa senti.

Msomaji wangu nilimpa jaribio hilohilo. Alijibu jioni: kwa pampu maji ni mazuri, kwa mpira wa kambini ni dhaifu. Pampu aliyokuwa ameshaanza kuitafuta haikuwa hata njiani mwa maji yanayomsumbua.

Kwa hiyo nizungumzie upande wa mpira, maana nadhani ndio unaosumbua wengi.

Kuna presha ya maji yakiwa yamesimama, na kuna presha ya maji yakiwa yanatembea. Hii ndiyo siri yote ya kazi hii. Nunua geji moja ya presha yenye uzi unaoingia kwenye mpira wa bustani, pamoja na kiungo cha njia mbili ili geji ikae upande mmoja na maji yapite upande mwingine. Iweke karibu na mlango wa kempa. Mabomba yote yakiwa yamefungwa, soma. Fungua bomba la jikoni hadi mwisho, soma tena. Kama ilisoma psi 50 imesimama, na ukifungua inaanguka hadi 15, basi presha ipo ila kuna mahali palipobana kati ya chanzo na geji. Kama haianguki sana lakini maji bado ni machache, palipobana ni mbele ya geji, ndani ya kempa. Na kama hata imesimama inasoma 20, chanzo chenyewe ni dhaifu, au kidhibiti presha, kile kifaa kinachozuia presha isizidi, kimeharibika. Geji moja, majibu matatu.

Wasio na geji watumie ndoo. Pampu ya kawaida ya kempa huandikwa lita 10 au 11 kwa dakika, na kipimo hicho kimechukuliwa bila kizuizi chochote mbele yake, kwa hiyo usitarajie kukipata bombani. Toa kichujio kilicho mdomoni mwa bomba la jikoni, kinga ndoo ya lita 10, angalia saa. Kwangu ikipita dakika mbili nahesabu kuna kizuizi, naanza kutafuta. Andika namba uliyoipata siku maji yakiwa mazuri. Siku yakiharibika utakuwa na cha kulinganisha, badala ya kubishana na mwenzako kama jana yalikuwa hivi au vile.

Mkosaji ninayemkuta mara nyingi upande huu ni kidhibiti presha, kile kidogo cha shaba cha mviringo kisicho na geji wala skrubu ya kurekebisha. Tundu lake la ndani ni jembamba. Maji yakisimama geji yako itaonyesha psi 40 au 45 nzuri kabisa, ukifungua shawa kinabana. Watu wakigundua hilo wanakiondoa na kuunganisha mpira moja kwa moja. Nawaomba msifanye hivyo. Presha ya kambini huweza kupanda sana, hasa usiku watu wengi wakiwa wamelala na mabomba yamefungwa, na paipu za kempa pamoja na viungo vyake vya plastiki havikutengenezwa kwa hilo. Watengenezaji wengi wanataka usipite psi 60. Mimi naweka kati ya 45 na 50. Badilisha kile kidogo kwa kidhibiti kipana chenye geji na skrubu, kifunge kwenye bomba la kambi kabla ya mpira, ili mpira nao ulindwe. Tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Mpira wenyewe nao. Wengi wanatumia wa nusu inchi kwa sababu ni mwepesi kukunja. Wa inchi 5/8 unaonekana mkubwa kidogo tu, lakini ukipiga hesabu ya eneo la tundu, tundu lake ni kubwa zaidi kwa kama asilimia 56. Kama mpira wako ni mrefu, utalihisi hilo. Angalia pia pale unapoungana na kempa, ndipo unapokunjika kwa uzito wake na kujiziba. Kiwiko cha shaba kinamaliza tatizo hilo. Na vile viungo vya kubofya na kuachia, vingine ndani ni vyembamba kuliko mpira wenyewe, kwa hiyo raha ya kuunganisha haraka unailipia shaweni.

Filta: toa katriji, yaani kichungi cha ndani, rudisha nyumba yake ikiwa tupu, fungua maji kwa dakika chache. Yakirudi na nguvu, umempata. Katriji ya mikroni 1 (mikroni ni kipimo cha udogo wa matundu yake) inaziba upesi kuliko ya mikroni 5, na mahali penye mchanga au kutu hata ya 5 haidumu. Kuna jambo nimeliona kwangu: baada ya kusafisha tangi na paipu kwa klorini, ute ulioshikamana ndani hubanduka na kwenda moja kwa moja kwenye filta na vichujio vya mabomba. Siku mbili baadaye maji yanapungua, na mtu anashangaa kwa nini usafi umemletea shida. Ukimaliza kusafisha, toa filta na vichujio vyote, suuza paipu, ndipo uvirudishe.

Na usisahau wavu mdogo ulio kwenye mlango wa maji wa kempa, pale mpira unapofungwa. Unakaa ndani ya washa, ile pete ya mpira ya kuziba, unakusanya mchanga, na wengi hawajui kama upo. Nyuma yake kuna valvu ya njia moja. Kabla hujaingiza bisibisi au kidole hapo, funga chanzo, fungua bomba la ndani presha iishe. Ukiigusa ikiwa na presha nyuma yake inaweza kuvunjika, na maji yatakurukia usoni.

Nikirudi kwenye pampu, kwa wale ambao kwao mpira ni mzuri na pampu ndiyo dhaifu. Chujio na oringi nimeshavieleza, na ninarudia: fungua chujio kwanza. Baada ya hapo, umeme. Chukua mita, weka ncha zake kwenye nyaya za pampu yenyewe, siyo kwenye betri, na upime wakati pampu inafanya kazi na bomba likiwa wazi. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Kama betri inasoma 12.5 na kwenye pampu unasoma 10.5 mota ikiwa inazunguka, volti mbili zimepotelea njiani. Mota inazunguka polepole, maji yanatoka kidogo, na kila atakayesikiliza atasema pampu imechoka. Mara nyingi ni waya wa hasi uliofungwa kwenye fremu na boliti iliyopata kutu, au kiungo kilicholegea, au kishikio cha fyuzi kilichochakaa. Sugua, kaza, pima tena. Nimelipenda jaribio hili kuliko yote kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na namba.

Angalia pia pumzi ya tangi, ule mpira mwembamba unaoingiza hewa maji yanapotoka. Wadudu hupenda kujenga humo. Ukiziba, pampu inavuta dhidi ya tangi lililojifunga. Fungua mdomo wa kujazia maji huku pampu ikifanya kazi: ukisikia hewa inavutwa ndani na maji yakapata nguvu, umeshajua.

Pampu ikijiwasha usiku kwa sekunde chache wakati mabomba yote yamefungwa, presha inapotea mahali fulani. Huenda bomba linadondosha, huenda kiungo kinavuja, huenda valvu ya pampu yenyewe inarudisha maji tangini. Na ukiona tangi linajaa lenyewe wakati umeunganisha mpira wa kambini, kuna maji yanapita pasipostahili: mara nyingi ni valvu hiyohiyo ya pampu, au koki ya kujazia tangi isiyofunga sawasawa. Hilo usilipuuze, tangi likifurika litalowesha sakafu.

Upande wa moto, ukiacha ile valvu, angalia koki za kuzungushia hita. Ni zile zinazogeuzwa kabla ya majira ya baridi ili dawa ya kuzuia kuganda isiingie kwenye hita. Watu huzigeuza, msimu unapita, wanasahau, au wanarudisha mbili na kuacha ya tatu nusu. Hapo moto unakuja dhaifu au vuguvugu. Na kama kempa ina shawa ya nje, kagua mabomba yake mawili. Yakiachwa wazi huku kichwa cha shawa kimezimwa kwa kitufe chake, baridi na moto vinachanganyika hapo hapo kwenye kiungo, na maji ya vuguvugu yanasambaa ndani ya kempa nzima. Watu wameshabadilisha hita kwa sababu ya kitufe hicho.

Ukiwa unafungua hita yenyewe, ile fimbo ya ndani inayoliwa na kutu badala ya tangi la hita huacha mabaki meupe chini, nayo huziba njia. Zima gesi na umeme, funga maji, acha ipoe kabisa, inua mkono wa valvu ya usalama presha itoke, ndipo ufungue. Na usiwashe umeme wa hita kabla hujahakikisha imejaa maji, kwa kufungua bomba la moto hadi litoke bila hewa. Koili ya hita ikiwaka bila maji huungua mara moja.

Kama tatizo liko kwenye bomba moja tu, usihangaike na mengine. Fungua kichujio cha mdomoni, kichwa cha shawa, vitumbukize kwenye siki ya kupikia kwa saa chache. Utaona povu dogo likipanda, hiyo ni chokaa inayeyuka. Sugua, suuza, rudisha.

Kuna kifaa kimoja watu wananiuliza sana, lile tangi dogo la presha linalofungwa baada ya pampu. Ni zuri, linatuliza pampu isiwake na kuzima ovyo, na usiku unaweza kunawa mikono bila kumwamsha mtu. Lakini haliongezi presha. Aliyekuambia ununue ili shawa iwe na nguvu hakukuambia kweli. Na ukilifunga, hewa ya ndani ijazwe kwa kiwango ambacho pampu inawakia, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Nje ya kiwango hicho faida yake inapungua sana. Kwa kambi zenye presha ndogo hasa asubuhi na jioni watu wote wanapooga, mimi najaza tangi mchana maji yakiwa mazuri na kutumia pampu. Sijawahi kuona sababu ya kununua pampu ya pili ya kuongeza nguvu.

Basi pampu huchoka lini kweli? Huchoka pale ambapo chujio ni safi, hakuna povu kwenye paipu ya kuvutia, volti kwenye nyaya zake ni nzuri ikiwa inafanya kazi, filta imetolewa, vichujio vya mabomba vimetolewa, hakuna kinachovuja, na bado ukifunga mabomba yote geji haifiki kiwango cha kuzimia na mota haikatiki. Hata hapo, kabla ya kununua nzima, uliza kama kichwa cha pampu hiyo kinauzwa peke yake. Kwa aina nyingi kinauzwa pamoja na kiwambo (utando wa mpira unaosukuma maji) na valvu zake, na kazi ni kufungua skrubu chache. Ikibidi mpya, linganisha uzi wa viungo, lita kwa dakika na ampea inazokula, maana pampu kubwa kwenye waya mwembamba itakurudisha palepale kwenye volti 10. Na kama anayeifunga ni fundi, mwambie akuonyeshe geji kabla hajaitoa ya zamani, na akuonyeshe tena akishafunga mpya, bomba likiwa limefungwa na likiwa wazi.